Nilivuta Kitelezi, Fundi Akaandikiwa Barua

Mpendwa mshauri,

Salamu kwako na kwa wote walio nyumbani kwako. Naomba unisome mpaka mwisho, kwa maana mwanzoni utadhani nimeleta habari za kompyuta na utataka kuzisukuma kwa mafundi, kumbe nimeuleta moyo wangu, na kuna mtu mwema anakaribia kupoteza kazi kwa sababu yangu, na mimi ndiye ninayejua na mimi ndiye niliyenyamaza.

Nina miaka hamsini na miwili, ni mhazili katika ofisi ya maji, elimu yangu si kubwa, nilimaliza kidato cha nne nikasomea kupiga chapa, kompyuta nilizikuta kazini nikajifunza kwa kuona, na Mwenyezi Mungu amenitunza katika kazi hiyo hiyo miaka ishirini na minne. Mume wangu alikuwa karani wa masjala katika jengo hilo hilo, yeye chini kwenye majalada, mimi ghorofa ya pili, na kwa kuwa mkurugenzi wa wakati ule hakupenda mke na mume wapandiane ngazi kutwa nzima, tulizoea kuandikiana barua pepe fupi fupi, wala si za mapenzi ya kwenye sinema, ni "umekula?" na "funguo nimemwachia mlinzi" na "mvua inakuja, funga dirisha", kwa sababu dirisha la masjala linatazama upande inakotoka mvua na langu linatazama ukuta, basi yeye ndiye alikuwa macho yangu, nafunga dirisha, na dakika kumi haziishi nasikia matone. Tuliandikiana hivyo miaka kumi na mitatu. Mwaka jana aliugua siku tisa, ya kumi tukamzika.

Nikarudi kazini. Sikulia ofisini hata siku moja, watu wakanisifu, hawakujua kwamba kila asubuhi kabla sijafungua kazi ya mtu nafungua kwanza barua zake, namsoma kidogo, kisha naanza siku, na siku inakwenda vizuri tu kama vile yuko chini anapanga majalada. Miezi ikapita. Halafu nikaona kitu, mshauri, nikadhani ni macho yangu. Barua zake zilikuwa zinapungua kwa chini. Leo nikifungua, ya chini kabisa, yaani ya zamani kuliko zote, ni ya tarehe nane, kesho ya chini ni ya tarehe tisa, ile ya nane haipo. Kila siku niliyoishi bila yeye ilikuwa inakata siku moja niliyoishi naye, na nilikuwa nahesabu, zimebaki wiki tano, zimebaki nne, hadi ifike ile siku aliyoniandikia "najisikia uchovu, nitatangulia nyumbani", ambayo ndiyo ya mwisho kabisa, nayo ikikatika basi.

Nikamwambia dada wa mapokezi, mtu mcheshi anayejua kila kitu hata asichokijua. Akacheka, akaniambia mama umejibana mwenyewe, akafungua mahali pa mipangilio, kuna kialama unakivuta kwa kipanya kushoto na kulia, kitelezi, chetu sote kilikuwa kimewekwa kwenye mwaka mmoja. "Kivute mpaka mwisho," akasema, "pale palipoandikwa zote." Nikakivuta.

Sijui nikueleze vipi asubuhi ile. Zilianza kushuka polepole, mwaka mmoja, halafu mwingine nyuma yake, kama watu wanaorudi kutoka safari ndefu mmoja mmoja wanaingia uani wanatua mizigo, nami nimekaa mikono mapajani, simu inalia siipokei, mwanga wa dirisha umekuwa kama maziwa, na kila baada ya kitambo naona jina lake, jina lake, jina lake. Zilishuka kwa siku mbili. Tangu hapo nikawa namsoma kwa tarehe, kama leo ni tarehe kumi na nne mwezi wa sita, nasoma za tarehe kumi na nne mwezi wa sita za miaka yote kumi na mitatu, na mvua zote kumi na tatu zinanyesha pamoja dirishani kwangu, hata kama nje kuna jua.

Na kwa kuwa kitu kizuri hakikai kifuani mwangu, nikawafundisha wengine. Mchoraji wa ramani alikuwa anatafuta barua ya zamani, nikamvutia kitelezi chake. Bwana wa malalamiko ya wateja, nikamvutia. Nilipita meza kwa meza kama mtu anayegawa chai, nilifundisha watu kumi na mmoja, wote wakanishukuru.

Sasa hapa ndipo pana shida. Sisi mezani hatuna kompyuta zenye kitu ndani, tuna vioo na kibodi, kompyuta yenyewe ni moja kubwa, inaitwa seva, imefungiwa chumba cha mwisho cha korido, na watu arobaini na wawili tunaingia humo humo kila asubuhi kila mtu na neno lake la siri. Barua ukizivuta, nakala zake zinakwenda kulala kwenye diski ile moja ya wote. Nakala hizo wanaziita kache, na za kila mtu zinakaa katika faili lake moja. Fundi wa seva tunamwita Nyaya kwa kuwa hajaonekana bila waya mfukoni, ni wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, mpole, mkimya, alibandika hata tangazo juu ya birika la chai kwamba tusiongeze muda wa barua kwa sababu diski ni ndogo, mvuke ukalikunja tangazo na hakuna aliyelisoma, tulikuwa tunamtania tu kwamba Nyaya leo mtambo wako umekula nini mpaka umevimbiwa.

Jumanne moja saa tano seva ikasimama. Vioo vyote vikaganda. Mchoraji wa ramani alipoteza mchoro wa mabomba aliokuwa ameushughulikia tangu asubuhi, kila akihifadhi anaambiwa hakuna nafasi. Nyaya akajifungia chumbani kwake hadi adhuhuri, akatoka, akaja moja kwa moja kwenye meza yangu, akainama kama mtu anayeokota kitu.

"Mama," akasema, "faili lako ndilo kubwa kuliko yote. Sijaligusa."

Nikamwambia usiliguse. Akatazama kioo changu, akaona jina la mume wangu limejipanga kuanzia juu hadi chini.

"Nikilipunguza hazipotei, mama," akasema.

Mshauri, maneno hayo nimeyasikia mwaka mzima, kila aliyekuja msibani aliniambia hajapotea, yuko mahali pema, usilie, nikaona huyu naye ananifariji, nikatikisa kichwa, akaondoka.

Aibu ikanishika. Siku ya pili wakati wa chakula, wenzangu wako nje, nikakirudisha kitelezi mwenyewe kwenye mwaka mmoja. Orodha ikajikunja mbele ya macho yangu. Zikabaki barua zake za wiki tatu za mwisho na juu yake barua za watu wengine. Nikaenda kumuuliza Nyaya kama kwa kupita tu, mtambo unaendeleaje, akasema bado umejaa vile vile. Nikaona basi nimemtoa bure, nimempoteza na hakuna aliyenufaika, na ilipofika saa tisa sikustahimili, nikakivuta tena mpaka mwisho, zikaanza kurudi moja moja, nikamshukuru Mungu kwa machozi nikaapa sitakigusa tena. Alhamisi asubuhi seva ikasimama mara ya pili, safari hii wageni wa wizarani wakiwa ukumbini wanasubiri kuonyeshwa ramani ya mabomba ya mji mzima. Ukuta wa kuonyeshea ukabaki mweupe. Mkurugenzi alisimama mbele ya ukuta mweupe na kijiti chake mkononi.

Tukaitwa kikao. Mkurugenzi akauliza nini kimeijaza diski. Nyaya ana orodha, mshauri, anajua jina langu liko la kwanza, na kumi na moja yananifuata kwa karibu. Akasema, "Kosa ni langu. Sikuweka kikomo." Wenzangu kumi na mmoja wakatazama viatu vyao, mimi nikatazama kalamu.

Jioni hiyo mkurugenzi akaniita nichape barua. Alikuwa anatembea huku akitamka, mimi nachapa, kwamba fundi ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba kwa nini mkataba wake, unaokwisha mwisho wa mwezi ujao, uongezwe baada ya uzembe huu. Neno uzembe nililichapa kwa vidole vyangu. Akasema ataitia sahihi akirudi semina, yuko huko wiki tatu, nami nimeiweka kwenye jalada lake la sahihi, iko ya juu kabisa, na kila nikipita naiona.

Tangu hapo napotea potea. Juzi mchana nilisinzia mezani nikaota kile chumba cha mwisho cha korido kiko wazi, naingia, kumbe ndani ni masjala, rafu zinakwenda juu hazionekani mwisho, mume wangu yuko kwenye ngazi ananiteremshia karatasi, chukua, chukua, mikono yangu imejaa na bado anateremsha, na hana haraka, anatabasamu, na nilipotazama chini nikaona rafu ile yote imekaa juu ya mgongo wa Nyaya, ameinama, anaitazama sakafu.

Nasali kila alfajiri Mungu anionyeshe njia. Nikisema, watalifuta faili langu na mume wangu atakuwa amekufa mara ya pili, na wenzangu kumi na mmoja wataumbuka kwa wema nilioufanya mimi, na miaka yangu ishirini na minne itaingia doa. Nikinyamaza, nitamchapia Nyaya na barua ya kuagana. Nifanyeje, mshauri? Niandike barua bila jina niisukume chini ya mlango wa mkurugenzi? Au nimwachie Mungu?

Wako katika majonzi,
Mhazili wa ghorofa ya pili


MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu mhazili, pole. Pole kwanza, na ya kweli, maana kuona siku za mtu wako zinakatwa moja moja kwa chini ni jambo ambalo nisingemwombea yeyote. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili niliisoma dirisha likiwa wazi.

Sasa nikugombeze.

Ulikirudisha kitelezi, zikaondoka. Ukakivuta, zikarudi. Kwa macho yako mwenyewe, mchana kweupe. Hukujiuliza zilirudi kutoka wapi? Nimemwendea fundi wa mitambo wa gazeti letu na swali lako, bila kumtajia ofisi yako, na alinieleza kwa maneno machache, nami nakupa hivyo hivyo. Barua zako hazikai kwenye ile diski ya wote. Zinakaa kwenye ghala kuu la barua, mahali pengine kabisa, zote, tangu ya kwanza. Kilichoko kwenye seva ni nakala, kache, imewekwa karibu ili programu isiwe na kazi ya kwenda ghalani kila saa. Kupunguza nakala hakugusi ghala. Hata kwa ule mwaka mmoja uliokuwa unakutisha, shuka mpaka chini kabisa ya orodha, utakuta mstari mdogo wa maandishi unaokuambia kuna barua zaidi, ubofye, nazo zitakuja. Ulikuwepo siku zote hizo. Hakuna siku hata moja ya mume wako iliyokatika.

Na kwa nini diski haikupungua ulipokirudisha? Kwa sababu faili likishavimba halinywei lenyewe. Fundi ndiye anayeliondoa, nalo linajijenga upya likiwa dogo. Kwa hiyo ile toba yako ya kimyakimya wakati wa chakula isingefaa kitu, hata ungeiacha hivyo. Kazi hii haifanyiki bila Nyaya kujua, na Nyaya anajua tayari. Alikuja mezani kwako akakuambia hazipotei. Alikuwa anakupa habari ya kazi yake, wewe ukaipokea kama pole ya msibani. Unamwomba Mungu akuonyeshe njia kila alfajiri, na njia ilishainama mbele ya meza yako ikakuita mama, ukaitikisia kichwa.

Wala usinijie na habari za wenzako kumi na mmoja. Hukuwauliza kama wanataka kusitiriwa, na kumsitiri mtu kwa ajira ya mwingine si wema. Barua isiyo na jina isahau kabisa, ofisi nzima inajua mkono wako wa kuchapa. Na kumwachia Mungu, dada, unaweza kumwachia yale yasiyofika mkononi mwako. Hili liko kwenye jalada la sahihi, la juu kabisa.

Kesho asubuhi, kabla hujafungua barua yoyote, nenda hadi chumba cha mwisho cha korido ugonge. Mwambie Nyaya umekuja kumwachia faili lako alishughulikie. Kaa hapo hapo anapofanya, usitoke, uone orodha inavyojijenga, kisha abofye ule mstari wa chini mbele yako na umwone mume wako akirudi, ili moyo wako utue na usije ukakivuta tena saa tisa. Muulize pia kama anaweza kuweka kikomo kwa watu wote kutoka kwake, ili jambo hili lisitegemee tena tangazo la kwenye mvuke wala busara ya dada wa mapokezi. Najua atasema anaweza. Muulize kwa nini hakuweka mapema, ukae usikilize jibu. Mtu anayebandika matangazo huwa ameshaomba kitu na akanyimwa. Kama aliomba diski kubwa zaidi kwa maandishi, maombi hayo yalipita kwenye meza yako, nawe unajua yako jalada gani. Yatoe.

Ukitoka hapo, pita zile meza kumi na moja ulizopita kwanza. Waambie waende kwake mmoja mmoja. Mwenye kutaka kumweleza mkurugenzi habari zake aende na zake, wewe usimtaje mtu.

Halafu chagua. Miaka kumi na mitatu ya barua za mhazili ni mihtasari ya vikao, orodha za mahudhurio, ratiba za wageni, na kati yake yumo yeye. Yeye mtoe. Omba ruhusa uchape zile ambazo ukizisoma unasikia sauti yake, hata zikiwa hamsini, uzipeleke nyumbani uzitie kwenye jalada lenye kamba, kama alivyozoea mwenyewe. Kwa karani wa masjala hiyo ni heshima kubwa kuliko kumlaza kwenye kache. Na kazini uende kufanya kazi. Nimeona ulivyosema siku inakwenda vizuri tu kama vile yuko chini anapanga majalada. Hayuko chini, dada yangu. Lia. Hata ofisini ruksa, hiyo sifa ya kutolia waliyokupa haikusaidii kitu.

Mkurugenzi anarudi baada ya wiki tatu, na barua hii ikitoka gazetini zitakuwa zimebaki siku chache. Barua uliyoichapa usiichane, usiifiche, usiipeleke chini ya rundo. Si yako kuiondoa. Iache palepale, na siku ya kurudi kwake uwe wa kwanza kuingia, kabla hajashika kalamu, na maombi ya Nyaya mkononi.

Na angalia utakavyoanza. Usianze na marehemu. Ukianza naye, mkurugenzi atakuonea huruma, atakukalisha kiti, atakuagizia maji, na katika huruma hiyo Nyaya atasahaulika mlangoni. Mume wako mtaje mwisho, au usimtaje. Simama wima, useme hivi: "Mzee, mtambo ulisimama mara mbili kwa sababu yangu. Fundi alijua, akanisitiri. Hii barua niandikiwe mimi."

Kisha nyamaza. Usijieleze. Mwache afungue jalada.